Steji ya Boda: Taasisi ya Kampala Isiyo na Jiwe la Msingi

Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na daktari mmishonari Albert Cook. Makerere ilifungua milango mwaka 1922, ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, nalo lina mwaka wake: 1971. Taasisi kama hizi huandikiwa vitabu, hupigiwa ngoma zikitimiza miaka 50 au 100, na picha za waasisi hutundikwa ukutani. Ni haki yao.

Ninayoiandikia leo haijapigiwa ngoma. Ofisi yake ni benchi la mbao chini ya mwembe, au chini ya mwavuli mkubwa wenye rangi za kampuni ya simu. Kabati lake la nyaraka ni daftari la shule lililotiwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe mvua. Mbele ya benchi zimepangwa pikipiki kumi, ishirini, pengine arobaini, taa zikitazama barabara. Waganda huiita siteegi. Mkenya husema steji, Mtanzania husema kijiwe. Nimelikalia benchi hilo mara nyingi, nikingoja mvua ipite au nikingoja mtu, na sijawahi kuulizwa nimekuja kufanya nini.

Naiita taasisi kwa makusudi. Ina uongozi, ina ada ya kujiunga, ina sheria na adhabu, ina mfuko wa maziko. Ilianza kwa watu kugawana baiskeli, ikaendelea kwa kugawana pikipiki, na sasa inagawana hata betri. Wengi wamejaribu kuimiliki. Ipo bado, nao wengi wao wameshaondoka.

Chimbuko lake liko mashariki, kilomita zipatazo 200 kutoka Kampala, katika mji wa Busia. Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, Kenya ikafuata mwaka 1963, na mstari ambao chini ya Mwingereza ulikuwa wa ramani tu ukawa mpaka wa dola mbili zenye malango, askari na mihuri. Kati ya lango moja na jingine pale Busia kulikuwa na zaidi ya mita 800 za ardhi isiyo na mwenyewe. Basi lilikushusha huku, nawe ulitakiwa uende kupanda jingine kule. Gari lililotaka kuvuka lilidaiwa karatasi nyingi. Baiskeli haikudaiwa kitu. Mama mwenye gunia la mahindi na mtoto mgongoni angefanyaje na jua lile?

Vijana wa hapo walikuwa na jibu. Walichukua baiskeli, wakashona mto wa sifongo, wakaufunga juu ya keria ya nyuma, wakaenda kusimama langoni wakinadi: boda, boda! Kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Lilikuwa neno la Kiingereza lililopita midomoni mwa Wasamia na Wateso likatoka likiwa na sura ya Kiafrika. Miaka ile ya 1960 na 1970 hawakudhani kwamba mwito wa kuitia abiria ungekuwa jina la kazi ya mamilioni ya watu kuanzia Kisumu hadi Bukavu. Kiganda nacho kilikuwa kimekopa neno pikipiki kutoka Kiswahili, kwa hiyo tumelipana: sisi tukatoa pikipiki, mpaka wa Uganda ukatupa boda.

Lakini kugawana baiskeli kulikuwapo kabla ya mwito huo, na hapa inafaa tutulie kidogo. Katika vijiji vya Buganda, Busoga na Teso, baiskeli ya enzi za ukoloni, ile Raleigh nyeusi, nzito, yenye keria ya chuma, ilinunuliwa kwa fedha za pamba au za kahawa baada ya misimu kadhaa ya jasho. Jina kwenye risiti lilikuwa la mtu mmoja, lakini aliyeinunua alijua kwamba amekinunulia kijiji. Ilimbeba mgonjwa hadi zahanati. Ilipeleka habari ya msiba kwa wakwe. Ilikwenda harusini ikirembwa kwa karatasi za rangi. Jirani aliyeiazima alitarajiwa kuirudisha ikiwa imefutwa vumbi na imejazwa upepo, na kama ilipata pancha mikononi mwake, aliiziba mwenyewe kabla ya kuirudisha. Hakuna sheria iliyoandikwa juu ya jambo hilo. Watu waliijua tu. Ninaamini sheria za steji zilizaliwa hapo, katika adabu ya kuazimana baiskeli, kabla ya chama chochote na kabla ya mwanasiasa yeyote.

Kisha ukaja mwezi wa Agosti 1972. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Miongoni mwa walioondoka walikuwa wafanyabiashara walioagiza baiskeli, matairi na minyororo. Maduka yakabaki na rafu tupu. Waganda waliuita uchumi wa miaka iliyofuata magendo, na baiskeli ikawa ngamia wake. Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa ikapaa duniani, magunia kwa magunia ya kahawa ya Uganda yalivushwa usiku kwenda Kenya, na soko la Chepkube upande wa pili likapata jina lisilosahaulika. Aliyeendesha baiskeli katika giza lile hakuwa na bima wala stakabadhi. Alikuwa na wenzake tu: mmoja ametangulia kuangalia njia, mwingine anabaki nyuma, na ukikamatwa wapo watakaokwenda kuitazama familia yako. Biashara ilikuwa haramu, lakini watu walijifunza ndani yake kuaminiana bila karatasi.

Hali ilipotulia, boda za baiskeli zilienea Tororo, Mbale, Iganga, Jinja, Soroti, Lira. Ni nchi tambarare, na paja la kijana lilitosha kuwa injini. Kampala ilichelewa, na sababu unaiona ukisimama popote na kuinua macho: Namirembe, Rubaga, Kibuli, Mulago, Nakasero, Kololo, Makerere, vilima vimekaa pande zote. Mpakie mtu mzima nyuma ya baiskeli pale Wandegeya kisha upande naye hadi lango kuu la Makerere, utaelewa. Baiskeli jijini ilibaki kuwa chombo cha mizigo, na hadi leo utamwona mtu alfajiri akisukuma mikungu ya matoke iliyofungwa pande zote mbili, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukishikilia fimbo iliyochomekwa nyuma ya kiti, akipanda mlima kwa hatua fupi fupi. Nikimwona mtu huyo huwa namwachia njia. Yeye ndiye mzee wa ukoo wote ninaouzungumzia.

Kampala ilihitaji injini ya kupanda mlima, nayo ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1990: pikipiki ndogo ndogo zenye nguvu ya kubeba mtu mmoja na dereva wake. Wakati huohuo serikali ilikuwa inapunguza watumishi wake, na jeshi nalo likawarudisha uraiani askari zaidi ya 36,000 kati ya mwaka 1992 na 1995. Hao walikuwa watu wazima wenye familia na kiinua mgongo kidogo mkononi. Baadhi yao walinunua pikipiki. Wengine waliweka fedha pamoja, wakanunua moja, wakawa wanapokezana. Katika miaka ya 2000, Bajaj Boxer kutoka India ililiteka jiji: injini ya cc 100, kiti kirefu, mafuta kidogo, vipuri kila kona kuanzia Kisekka hadi Ndeeba, na fundi yeyote wa Katwe anaifumua na kuirudisha huku akipiga soga.

Usafiri wa teksi, yaani matatu za abiria 14, ulikuwa na mwenyewe. Chama cha UTODA, kilichoanzishwa mwaka 1986, kilishika viwanja vikuu vya teksi kwa takriban robo karne, kikikusanya ada mpaka jiji lilipokiondoa. Boda hawakuwa na kiwanja kikuu. Walikuwa na benchi hapa, benchi pale, kila mdomo wa uchochoro, kila lango la hospitali, kila soko. Huwezi kumkamata samaki ambaye hana kichwa. Ndiyo maana kila aliyetaka kuitawala sekta hii kutoka juu alijikuta ameshika maji.

Steji inavyofanya kazi ni jambo linalostahili kuelezwa polepole, maana wapanda boda wengi hawalijui.

Kila steji ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mara nyingi mtu wa ulinzi au nidhamu. Huchaguliwa na wanasteji wenyewe. Anayetaka kujiunga hulipa ada ya kuingia, na katika steji nzuri za katikati ya jiji ada hiyo si ndogo hata kidogo, kwani anachonunua ni haki ya kuegesha mahali penye abiria kwa miaka mingi. Lakini fedha peke yake haitoshi. Lazima awepo mtu ndani ya steji anayemjua, anayejua kwao, atakayesimama kumdhamini. Jina lake huandikwa katika daftari pamoja na namba ya pikipiki, namba ya simu na jina la ndugu wa kuitwa likitokea la kutokea.

Mgeni anaruhusiwa kushusha abiria mbele ya steji yako. Kupakia haruhusiwi. Akipakia, ataelezwa kwanza kwa maneno. Mwanasteji anayemtukana abiria, anayelewa kazini, anayekimbia na mzigo wa mtu, husimamishwa siku kadhaa, na siku za kusimamishwa ni siku za njaa. Mama anaweza kumkabidhi boda mtoto wa darasa la kwanza ampeleke shule kila asubuhi, mwezi mzima, alipe mwisho wa mwezi. Anafanya hivyo kwa sababu anaijua steji. Mtoto asipofika, mama hatamtafuta dereva, atakwenda kwenye benchi.

Pikipiki zenyewe zina umiliki wa kila namna. Wapo wenye zao. Wapo wanaoendesha za tajiri, wakimpelekea kiasi walichokubaliana kila siku au kila wiki, na kinachozidi ni chao. Wapo wawili wanaogawana moja: huyu kuanzia alfajiri mpaka jioni, yule usiku, kiti hakipoi. Mtu akiugua, mwenzake huiendesha ili deni la tajiri lisilale. Spana ni ya steji, pampu ni ya steji, na koti la mvua huvaliwa na anayetoka. Ukiishiwa mafuta Bukoto saa nne za usiku, unampigia mwanasteji mwenzako, naye anakuja na chupa. Mambo haya yote yalikuwapo katika kuazimana Raleigh.

Yapo pia ya kifo. Buganda ina desturi ya munno mukabi, rafiki wa wakati wa dhiki, vikundi vya majirani vinavyochangiana mazishi na harusi, na ina mabugo, mchango wa rambirambi ambao jina lake linatokana na nguo za magome ya mti zilizotumiwa kumviringishia marehemu. Steji imeyachukua yote mawili. Mwanasteji akifa, mchango huandikwa kwenye daftari jina kwa jina, na siku ya kumpeleka kijijini wenzake hutoka kwa msafara, matawi mabichi yamefungwa mbele ya pikipiki, honi zikilia barabara nzima. Wanaokwama katika foleni hukasirika. Ningependa wajue kwamba kelele ile ni kilio.

Na wanakufa wengi, hilo halifichiki. Wapo wanaouawa usiku na abiria bandia wanaotaka pikipiki. Wapo wanaokufa barabarani, wao na waliowabeba. Mwaka 2010 madaktari wa Mulago walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba majeruhi wa boda walikula asilimia 62.5 ya bajeti ya idara ya upasuaji ya hospitali hiyo. Kanuni za kuvaa helmeti zilikuwa zimeshatungwa mwaka 2004, lakini helmeti ziliendelea kuning'inia kwenye usukani kama mapambo, na abiria hakuwa nayo kabisa. Wanawake walikalishwa upande, kwa heshima ya vazi la gomesi, mkao usio na pa kujishikilia. Kwa hili steji ilishindwa. Ilijua kuzika vizuri kuliko kuzuia kifo, na anayeipenda lazima aliseme.

Siasa iliingia mapema. Kundi la vijana maelfu kwa maelfu, wenye vyombo, wanaofika kila mtaa na kubeba habari kuliko redio, lingeachwaje? Mamlaka ya jiji ilipowawekea ada au kuwapangia mahali pa kutofika, mara nyingi amri ilitoka juu ikalegeza, hasa uchaguzi ulipokaribia. Wagombea waligawa makoti ya kung'aa na mafuta ya msafara. KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala iliyochukua nafasi ya halmashauri ya zamani mwaka 2011, ilianza kuwaandikisha mwaka 2013, zoezi likafifia. Mwaka 2020 serikali ilitangaza eneo la katikati ya jiji lisiloingia boda. Boda waliendelea kuingia.

Zama mbaya kuliko zote zilikuwa za chama kilichoitwa Boda Boda 2010, chini ya Abdullah Kitatta, ambaye pia alikuwa kiongozi wa chama tawala katika tarafa ya Rubaga. Chama kilijitwalia mamlaka juu ya steji za jiji. Kilitoza, kiliweka watu wake, na aliyekataa aliweza kunyang'anywa pikipiki mchana kweupe huku baadhi ya polisi wakitazama pembeni. Wenyeviti waliochaguliwa na wenzao walipinduliwa kwenye mabenchi yao. Januari 2018 jeshi lilimkamata Kitatta na ofisi za chama zikavamiwa, na waendesha boda wengi wakashangilia mitaani. Nguvu yote ile iliporomoka katika muda wa siku chache. Mabenchi yalikuwa bado yapo, na wanasteji wakaendelea kuyakalia.

Nguvu nyingine ilikuja kwa upole zaidi, ndani ya simu. SafeBoda ilianza Kampala mwaka 2014. Mmoja wa waasisi wake watatu, Ricky Rapa Thomson, alikuwa mwendesha boda mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu kampuni ilielewa kilichokosekana. Dereva alipewa mafunzo ya barabarani na ya huduma ya kwanza, koti la rangi ya chungwa lenye jina na namba, na helmeti mbili: yake na ya abiria, pamoja na kikofia chepesi cha kuvaa ndani ili nywele za mtu zisikutane na jasho la mwingine. Kikofia hicho cha senti chache kilifanya kazi kubwa. Wanawake wengi waliokuwa wakikataa helmeti hawakuwa wanapinga usalama. Walikuwa wanalinda nywele zao. Mwaka 2018 Uber na Taxify, ambayo sasa ni Bolt, zikaleta boda zao pia, nauli zikashuka, na steji zikanuna. Kwa muda kulikuwa na ugomvi wa kweli kati ya waliokaa kwenye benchi na wale walioitwa na simu.

Ugomvi ulipoa kwa njia ya Kiganda kabisa: watu walewale wakawa pande zote mbili. Asubuhi yuko kwenye benchi, mchana amewasha programu, jioni amerudi kwenye benchi. Programu ilimpa abiria asiowajua, na steji ikabaki kuwa yenye kumzika.

Katika kununua chombo pia mambo yalibadilika. Kampuni ya Tugende, ambayo kwa Kiganda ni twende, iliasisiwa mwaka 2012 na Mmarekani Michael Wilkerson, ikimpa dereva pikipiki alipe kidogo kidogo mpaka iwe yake, badala ya kumtumikia tajiri maisha yote. Mpango wa serikali wa Emyooga, uliozinduliwa mwaka 2019, ukawaweka waendesha boda miongoni mwa makundi ya kupewa mtaji kupitia vyama vya akiba na mikopo. Mikopo mingine ni migumu na imewaumiza watu, lakini kijana anayekabidhiwa kadi ya pikipiki kwa jina lake mwenyewe huileta kwenye benchi wenzake waishike, na soda hununuliwa.

Machi 2020 virusi vya korona vikasimamisha kila kitu. Usafiri wa umma ulipigwa marufuku, boda wakaruhusiwa kubeba mizigo tu, bila abiria, mpaka tarehe 27 Julai. Miezi minne ile ilionyesha uzito wa kiti cha nyuma. Wajawazito walilazimika kutafuta kibali cha mkuu wa wilaya ili wafike hospitali, na wapo ambao hawakufika. Jiji lilikula kwa sababu boda walileta chakula mlangoni: SafeBoda iliwaunganisha wachuuzi wa masoko na wateja waliofungiwa nyumbani, na steji zikafanya vivyo hivyo bila programu, mama wa Kalerwe akipiga simu kwa kijana anayemjua, kijana akifunga kabichi na nyanya nyuma ya kiti.

Asubuhi ya tarehe 1 Juni 2021, katika kitongoji cha Kisaasi, watu wenye silaha waliopanda pikipiki waliumiminia risasi msafara wa Jenerali Edward Katumba Wamala. Binti yake na dereva wake waliuawa. Jenerali, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi, alipigwa mabegani. Wakati huo alikuwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, mwenye dhamana ya barabara zote na vyombo vyote vinavyopita juu yake, na gari lake lilikuwa limetobolewa. Kilichomfikisha hospitali, damu ikimtiririka, kilikuwa boda. Wauaji walikuja kwa pikipiki na mwokozi akaja kwa pikipiki, katika dakika zilezile na barabara ileile. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia boda wote ni wahalifu, au wote ni mashujaa, namkumbusha Kisaasi.

Sasa zimekuja pikipiki za umeme. Kampuni ya Zembo ilianza mwaka 2018, na Bodawerk, iliyotangulia kidogo, leo inaitwa Gogo. Dereva hangojei betri ijae. Anafika kituoni, anatoa iliyokwisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka. Betri hiyo si yake. Jana ilimbeba mtu wa Ntinda, leo inambeba mtu wa Najjanankumbi, kesho itambeba mwingine. Vijana wa mjini wanaliona hilo kuwa jambo jipya. Mimi naiona ile Raleigh ya kijiji, imezunguka imerudi.

Baiskeli nazo hazikufa. Mwisho wa wiki, kabla jua halijachomoza, utawaona wapenzi wa baiskeli wakielekea Entebbe kwa makundi, wamevaa nguo za kubana na kofia ngumu, wakipokezana upepo wa mbele kama ndege wahamao. Katikati ya jiji, Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum zimepewa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ni kipande kifupi, na wachuuzi na pikipiki huingia humo, lakini ni mara ya kwanza jiji la vilima limetenga lami kwa ajili ya miguu na pedali.

Nimebaki na ombi moja, na ni kwa wenyeviti na makatibu wa steji. Madaftari yenu yakijaa, msiyachome na msiwauzie wauza karanga wafungie njugu. Humo yamo majina ya waliojiunga, waliodhaminiwa, waliosimamishwa, waliochangiwa, waliozikwa, pamoja na tarehe na kiasi cha fedha kwa mwandiko wa mkono. Hakuna chuo wala wizara iliyo na kumbukumbu kama hizo. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Wandegeya, na steji haikosi mtu anayepita hapo kila siku. Pakieni daftari moja kwenye keria, mlipeleke.